Watoto wa Juu Waliozaliwa Chini

Nyumba ya pili kutoka kwenye reli,
Ghorofa ya tatu, mlango usio na namba.
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mdogo wako nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mto, miguu juu ya stuli, afya tele, na tumbo limetangulia mbele kama kiongozi wa msafara. Hujambo wewe? Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ni ya mgongo tu. Nasikia shemeji ameipaka kwenye upara akitegemea miujiza. Mwambie hata mimi nilijaribu, haioteshi kitu.

Baba mkubwa naye bado anagombana na redio? Kama bado anaijibu taarifa ya habari, basi ni mzima, nami nashukuru.

Huku sote tu wazima. Wifi yako mzima, watoto wazima, na binti yako mzima kutupita sote, amerefuka mpaka sketi uliyomshonea imekuwa kama ya mdogo wake. Najua unachokitafuta kwenye barua hii. Umesikia kwamba shule ya ufundi imefunga mlango kwa watoto weusi, na unataka kujua kama mwanao amepata nafasi au anarudi nyumbani. Usiruke kurasa. Nakujua, wewe ukipewa barua unaanzia kwenye sahihi. Soma kwa mpangilio, maana habari hii ikisomwa kinyumenyume haichekeshi. Nikuambie hili tu: ningekuwa na msiba, nisingeanza na tumbo.

Kazi yangu inaendelea vizuri, na nasema hivi kwa unyenyekevu: bila mimi mji huu usingekuwa na siasa. Mimi ndiye fundi wa vipaza sauti katika ukumbi wa madiwani. Nakaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, mbele yangu meza yenye vitufe thelathini na viwili, na diwani hasikiki mpaka mimi nikisukume kitufe chake juu. Watu wenye shahada wanapanga foleni wiki nzima ili wamwone diwani mmoja dakika tano. Mimi niliyeacha shule pale hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi nawasikia wote kumi na saba kila Jumanne, hata wanapodhani vyombo vimezimwa. Nimefanya kazi miji minane, nimefunga spika kwenye meli, kwenye viwanja vya mpira, kwenye harusi iliyovunjika nikiwa bado juu ya ngazi. Hakuna usemi wa binadamu usioujua mdogo wako.

Nikueleze kwanza mji ulivyokaa. Reli imeukata vipande viwili. Juu ya reli wanakaa weupe, nyumba zenye bustani na mbwa wenye majina mawili mawili. Chini ya reli tunakaa sisi weusi, pamoja na wengine wa kila rangi waliokuja kutafuta kazi. Hakuna ubao ulioandikwa huyu akae huku na yule kule. Watu wanajua tu, kama unavyojua upande wa kitanda wa mumeo.

Na humo ukumbini, dada yangu, miaka sita yote sijasikia neno "weusi" likipita kwenye waya zangu. Siyo kwamba hawatuongelei. Wanatuongelea kutwa. Wanasema "wakazi wapya", na mimi nipo hapa mwaka wa kumi na tisa. Wanasema "msongamano". Wanasema "hadhi ya mtaa". Wanasema "utulivu wa wazazi", na ukisikia hilo ujue kuna mtoto mweusi ameonekana mahali. Dampo la taka lilikuja upande wetu kwa sababu ya "nafasi". Taa za barabarani zilikwenda upande wao kwa sababu ya "mahitaji". Chuki ikishavalishwa suti na kupewa namba ya jalada, inaitwa mpango wa maendeleo, na inapigiwa kura kabla ya chai.

Mwenye suti nzuri kuliko wote ni diwani tunayemwita Kipepeo, kwa ile tai yake ndogo iliyotua kooni. Ana sauti tamu, sikufichi. Ukifumba macho unaweza kumpa mtoto wako akubatizie.

Shule ya ufundi iko juu, na kila mwaka inachukua watoto arobaini kwa mtihani. Zamani wa kwetu walikuwa wanaingia wawili, watatu. Mwaka juzi wakaingia kumi na mmoja. Mwaka jana ishirini na wawili. Hapo ndipo wazazi wa juu walipoanza kukosa utulivu, na Kipepeo akaleta pendekezo kwamba nafasi ziende kwanza kwa watoto wanaoishi juu.

Wakati wa mapumziko, diwani mwenzake akamwinamia. Hawakujua kwamba kipaza sauti bado ki hai na mimi nimevaa vyombo vya masikioni.

"Mheshimiwa, wapishi na madereva wanalala humo humo kwa matajiri wao. Watoto wao nao wanaishi juu."

Kipepeo akafikiri. "Basi tuseme waliozaliwa juu," akasema. "Nyumba mtu anaweza kuhama. Mahali alipozaliwa hahami."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliopata kufuli la saizi ya mlango wao. Wiki hiyo hiyo tangazo likabandikwa mji mzima: Jumanne itakayofuata baraza litapigia kura kwamba watangulizwe watoto waliozaliwa kata za juu, kwa ushahidi wa cheti cha kuzaliwa, na nafasi zikibaki ndipo wengine wafanye mtihani. Hapakuwa na neno weusi wala weupe. Karatasi safi kama shuka ya hospitali.

Binti yako alilisoma kwenye ukuta wa maktaba. Akarudi, akakusanya vitabu vyake, akavifunga kamba, akavipandisha juu ya kabati. Hakulia. Heri angelia, kilio najua kukitibu kwa utani. Alisema tu, "Mjomba, cheti changu kimeandikwa kijiji chetu. Hata nikipata mia kwa mia, hakibadiliki." Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mwaka huu ndio wa mwisho kwa umri wake, dada. Akiukosa, hakuna mwingine. Na mimi ndiye niliyekuja kumchukua, nikakuahidi mbele ya watu kwamba mtoto huyu atakuwa fundi wa mitambo, nikajipiga kifua na kukohoa. Siku ile ya tangazo chakula kilinishinda, na wewe unanijua mimi na chakula.

Nikaanza kuandika hotuba. Hotuba kali, kurasa nne. Nilikuwa kwenye neno "historia" wifi yako alipoingia akitoka zamu wodi ya wazazi, ambako ni mkunga mwaka wa kumi na sita sasa. Nikamsomea tangazo nimesimama, kwa sauti ya mazishi. Akaweka mkoba chini. Akaanza kucheka. Akakaa sakafuni na viatu vyake vyeupe, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Unacheka nini wewe? Mtoto wa watu anafungiwa mlango."

"Hospitali ya wazazi ya huko juu iko wapi?" akaniuliza.

Nikakaa.

Haipo, dada. Ilikuwepo zamani. Miaka kumi na minane iliyopita baraza hili hili liliihamisha ikaletwa chini ya reli, kwa kuwa wanawake wetu wenye mimba walikuwa wanapanga foleni alfajiri kando ya bustani za watu, na bustani zikawa hazina utulivu. Walisema wanapunguza msongamano. Aliyeleta pendekezo ni Kipepeo, wakati huo akiwa na nywele. Tangu siku hiyo kila mama wa juu akishikwa na uchungu anateremshwa mbio na gari lake mpaka kwetu, anajifungua kwenye vitanda vile vile vyetu, na karani wa hospitali anaandika: mahali pa kuzaliwa, Kata ya Chini.

"Wajukuu wa Kipepeo wote watatu nimewapokea mimi," wifi yako akasema, akijifuta macho. "Mmoja alinikojolea kabla hajalia."

Utauliza, ina maana walisahau? Hawakusahau. Hawajawahi kufikiri. Kwao kuzaliwa chini ni jambo la watu wa chini. Wao walipita tu.

Mimi nikavaa kofia nikimbilie ukumbini kuwaumbua. Akanishika shati.

"Kaa. Ukisema leo, watabadilisha maneno mawili na kutuletea lingine zuri zaidi. Waache waipitishe sheria hii. Waitie sahihi. Waibandike."

Binti yako alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. "Lakini wao wakikutwa wamezaliwa chini watasamehewa," akasema. "Mimi sitasamehewa."

Unaona akili ya mwanao? Hata mimi sikuwa nimefika huko. Wifi yako akamgeukia. "Ndiyo maana wakutwe mchana, mbele ya watu," akamwambia. "Kashushe vitabu."

Kwa hiyo nikanyamaza. Andika hilo ukutani kwako: mdogo wako alinyamaza siku kumi na moja. Nilikaa kwenye kibanda changu nikawasikia wakiipitisha sheria, kumi na mbili kwa tano, mkono wangu juu ya vitufe, ulimi umefungwa. Kinyozi wangu alidhani nimefiwa.

Ila nyumbani sikunyamaza. Kila jioni nilimchambua Kipepeo mezani, nikasema moyo wake ni mdogo, nikasema mtu wa kumpima mwenzake kwa ngozi hafai hata kupima unga. Siku ya tatu wifi yako akaweka kijiko chini. "Na yule mwokaji mikate je?"

Sikufichi, maana wewe ndiye uliyenilea. Mwaka jana mwokaji mmoja alikuja kuulizia chumba chetu cha nyuma. Mtu mpole, kofia mkononi. Weusi wake umepita wangu mara mbili, na watu wa kwao huku mtaani wanasemwa vibaya, kwamba ni wachafu, kwamba wana mikono mirefu. Nilimwambia chumba kimeshachukuliwa. Hakikuwa kimechukuliwa, kilikuwa na baiskeli yangu. Sikumwita jina baya. Nilisema tu "kimechukuliwa", kwa sauti tamu.

"Na wewe uliwatungia wenzako sheria," wifi yako akasema, "ila yako ilikuwa ya chumba kimoja."

Dada, nimetukanwa katika miji minane na haikuniingia kama hiyo. Kesho yake nilikwenda kwenye tanuri la yule bwana nikamwambia chumba kipo, na kwamba kilikuwepo. Alinitazama, akafuta unga mikononi. "Nilijua," akasema, "baiskeli niliiona nyuma yako." Amehamia. Ni msafi kuliko sisi sote, na anaimba akioga, vibaya sana. Hilo nalo nimelistahili.

Ikaja siku ya kuandikisha watoto. Walinipeleka mimi kufunga spika kwenye uwanja wa shule, ili majina yaitwe. Nilifunga nne, ingawa mbili zingetosha.

Karani wa shule ni mama mmoja mweupe, mwembamba, wa huko huko juu, ambaye hapokei fomu yenye doa la chai hata iwe ya mtoto wa mfalme. Alikaa mezani na kipaza sauti changu mbele yake. Watoto walikuwa mia mbili na kumi na wawili, wazazi wamejaa uwanja mzima, wa juu mbele, wa kwetu nyuma karibu na ukuta, binti yako kati yao amekumbatia bahasha.

Mtoto wa kwanza, suti ndogo, viatu vinang'aa. Karani akafungua cheti. "Mahali pa kuzaliwa, Kata ya Chini. Subiri mstari wa mtihani."

Wa pili. "Kata ya Chini. Mstari wa mtihani."

Wa tatu, wa nne, wa tano. Uwanja mzima unasikia, spika nne. Wazazi wakaanza kufungua vyeti vyao na kuvisoma kama vile wamepewa leo. Kina baba wakawatazama kina mama. Kufikia wa thelathini, mstari wa mtihani ulikuwa umezunguka jengo, weupe na weusi wamechanganyika, na mstari wa waliozaliwa juu haukuwa na mtu.

Kipepeo akaja na mjukuu wake mkononi. Akainama. "Mama, unanijua mimi."

"Nakujua, Mheshimiwa. Na sheria yako ninayo hapa," karani akasema, kipaza sauti kikiwa wazi. "Nionyeshe palipoandikwa isipokuwa wajukuu."

Sasa shika kiti. Karibu na saa saba wakatokea watoto watatu waliozaliwa juu kweli. Watatu tu, katika wote. Pacha wawili wa mpishi mmoja, ambaye uchungu ulimkamata akimenya viazi jikoni kwa tajiri wake, na kijana wa mfuaji nguo, aliyezaliwa gereji, kati ya gari na mashine ya kukatia nyasi. Wote watatu weusi tii. Wifi yako ndiye aliyekimbia kupanda kilima siku zote mbili na mkoba wake. Karani akatazama vyeti, akafuta miwani, akasoma kwa sauti: "Wamezaliwa kata za juu. Wamepata nafasi. Hongereni."

Wa kwanza kucheka alikuwa baba mmoja mweupe aliyesimama na binti yake kwenye mstari wa mtihani. Akacheka mpaka akamshika bega mtu aliyekuwa mbele yake, ambaye ni fundi viatu wa mtaani kwetu. Kisha wakacheka wote. Ulikuwa mzuri ule mchana, dada. Sijawahi kuona mstari uliochanganyika namna ile bila mtu kuupanga.

Jumanne iliyofuata madiwani wakakutana, na lile aliloliogopa mwanao likaja vile vile. Kipepeo akasimama na karatasi mpya: waliozaliwa juu, "au ambao wazazi wao walizaliwa juu." Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Wifi yako akainua mkono. Alikuwa ametoka zamu, sare bado mwilini. Mwananchi ana haki ya swali moja, na mimi nina vitufe. Nikampandisha.

"Mheshimiwa, wajukuu wako wote umewaleta mkononi mwangu, nikawapokea bila kuuliza babu zao walizaliwa wapi," akasema. "Nauliza jambo moja. Ni nani hasa unayetaka asiingie? Mtaje tu, tukuelewe."

Kipepeo akafungua mdomo. Sheria nzima ilikuwa imejengwa ili neno hilo lisisemwe. Akatazama karatasi. Akatazama ukumbi. Nami nikakisukuma kitufe chake juu, juu zaidi, mpaka ukumbi mzima ukamsikia akimeza mate. Baba yule aliyecheka uwanjani akasema kutoka nyuma, bila spika, "Tunasubiri."

Akaiondoa. Karatasi mpya na sheria ya zamani, zote mbili. Kura za kuzifuta zikapigwa, kumi na mbili kwa tano, zamu hii kwa upande wetu. Sitaki sifa, lakini ukiwaambia watu hapo nyumbani kwamba mdogo wako aliangusha sheria kwa kidole kimoja, sitakanusha.

Wale watano bado wapo, wanakunywa chai yao, na dampo bado liko kwetu. Lakini wanawake wa pande zote mbili wamekuja kumwomba wifi yako agombee udiwani mwakani. Bado anakataa. Mimi nimeshaanza kujifunza kupika, maana namjua anavyokataa.

Wale watoto watatu walibaki na nafasi zao, walikuwa wamekwisha sajiliwa. Ndio pekee duniani walionufaika na sheria ya Kipepeo. Zikabaki nafasi thelathini na saba, na mtihani ukafanywa na wote waliobaki, mia mbili na tisa.

Ijumaa nilikuwa kibandani natengeneza waya, ukumbi mtupu, wafagiaji tu. Binti yako akaingia bila kubisha, anahema, akaegemea meza yangu na kiwiko chake kikasukuma vitufe sita kwa mpigo. "Mjomba," akasema, "wa tisa." Ukumbi mzima ukasema wa tisa. Wafagiaji wakasimama na mifagio yao. Akashtuka, akaangalia vitufe, kisha akainama tena karibu na kipaza sauti na kusema polepole jina lake kamili, la baba yake, na lako.

Amepata, dada. Anaanza tarehe mosi. Sasa unaweza kupumua.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya shule. Ameijaza mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Pale penye mahali pa kuzaliwa ameandika kijiji chetu kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu mpaka maandishi yametokeza nyuma ya karatasi. Pitisha kidole, utaisoma bila miwani. Chini yake kuna mstari wa sahihi ya mzazi, umeachwa wazi. Huo ni wako. Kunywa maji kwanza, kaa vizuri, andika jina lako lote, kisha uitie posta kabla ya tarehe ishirini.

Nisalimie shemeji na upara wake, baba mkubwa na redio yake, mama mdogo, na binamu yetu wa cherehani, umwambie sketi ndefu zinahitajika haraka. Majirani wote wape salamu, hata yule wa kisima niliyegombana naye. Mwambie nimesamehe, ingawa mwenye kosa nilikuwa mimi. Mungu akulinde mgongo, akupe usingizi mnono, na akujaalie uje siku moja umwone mwanao akitoka kwenye lango lile na mikono yenye grisi.

Ndimi akupendaye kwa sauti ya juu, hata waya zikikatika,

Mdogo wako, kitinda mimba wa mama yetu.